Namna ya kumwandalia mbunge swali la kumuuliza Waziri: mwongozo kwa vijiji na vikundi vya Nyanda za Juu Kusini

Swali la bungeni lina uhai wa dakika chache tu. Mbunge anasimama na kuomba swali lake lijibiwe. Waziri au Naibu wake anasoma jibu lililokwisha kuandikwa, mbunge anauliza maswali mawili ya nyongeza, wenzake wachache wanadakia, na Spika anaita swali linalofuata. Kazi ya kulifanya swali hilo limsaidie mtu hufanyika kabla ya hapo, na sehemu kubwa yake haifanyiki Dodoma. Hufanyika kwenye mizani, kwenye daftari la kikundi na kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Haki ya kuuliza ipo katika Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 63(3)(a) inalipa Bunge madaraka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Shikilia maneno ya mwisho, "katika wajibu wake", maana maswali mengi ya wananchi yanaharibikia hapo.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: lumbesa ya viazi mviringo. Kila mkulima wa Umalila, Isongole, Matamba au Njombe anaijua. Gunia linaloitwa la kilo 100 linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Hatua zilezile zinafaa kwa mbolea ya ruzuku, walengwa wa TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini), dawa za zahanati au mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri.

Kwanza, geuza malalamiko yawe swali la mgawanyo

Swali linalosikika zaidi bungeni huanza hivi: "Je, ni lini Serikali itajenga…" Wananchi hulipenda kwa sababu linataja barabara yao au kituo chao cha afya. Waziri naye halimpi shida, kwa sababu linamwomba ahadi, na ahadi haina gharama siku inapotolewa. Jibu lake linajulikana kabla halijasomwa: Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, na ujenzi utaanza kulingana na upatikanaji wa fedha.

Jambo la ustawi na haki uliza kwa namna nyingine. Uliza nani amepata, nani amekosa, na ni kigezo gani kilichowatenganisha. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukiuliza "ni lini vikundi vya kata yetu vitapewa mikopo", utaambiwa vijipange na kuomba. Ukiuliza ni kiasi gani kilitengwa mwaka wa fedha uliopita, ni kiasi gani kilitolewa, na ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu ilifika kwa vikundi vingapi katika kila kata, Waziri atalazimika kuja na jedwali. Jedwali hilo litaonyesha kata zilizorukwa bila wewe kumlaumu mtu yeyote.

Kwa lumbesa, malalamiko ya kawaida ni "tunaibiwa". Hilo ni kweli na linauma, lakini halijawa swali. Ligeuze: sheria ipo, je, inasimamiwa mara ngapi, wapi, na dhidi ya nani? Kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mazao yanatakiwa kuuzwa kwa mizani iliyohakikiwa na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kwa hiyo hakuna haja ya kuomba sheria mpya. Unachouliza ni kwa nini iliyopo inamlinda mnunuzi wa mjini anayepimiwa kwa kilo, wakati mkulima wa mlimani bado anauza kwa macho.

Pima, hesabu, andika

Hapa ndipo penye kazi nzito, na hakuna anayeweza kuifanya kwa niaba yenu. Mbunge akisema "wananchi wangu wanafungiwa lumbesa kubwa", Waziri atamjibu kwa jumla jumla. Akisema "Machi 14, magunia 12 yalipimwa na wastani wake ulikuwa kilo 128", mazungumzo yamebadilika.

Tafuteni mizani ya jukwaa yenye stika ya Wakala wa Vipimo ambayo muda wake haujaisha. Mizani isiyo na stika inaharibu kila kitu, kwa sababu jambo la kwanza atakaloulizwa mbunge ni uhalali wa kipimo chenu. Kabla ya kuanza, wekeni juu yake mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, muone kama unasoma sawasawa. Rudieni hivyo katikati ya kazi na mwishoni.

Pimeni magunia yasiyopungua 10, na ni vizuri zaidi yakiwa 20, kwa siku mbili tofauti na kwa wanunuzi tofauti. Msichague makubwa peke yake. Chukueni kila gunia la tatu au la nne jinsi yanavyopangwa kusubiri gari. Mkichagua manene, mtu mmoja mwenye nia mbaya atapima jembamba moja na kuwaumbua. Kwa kila gunia andikeni tarehe, kijiji, uzito pamoja na gunia, uzito wa gunia tupu, bei aliyolipwa mkulima, na mahali gari linakokwenda. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji aweke sahihi chini ya ukurasa, na muhuri kama anao. Pigeni picha inayoonyesha gunia na namba ya mizani kwa pamoja. Picha ya gunia peke yake haithibitishi uzito.

Kisha fanyeni hesabu ambayo kila mtu ataielewa. Tuseme wastani umekuwa kilo 128 na bei ni Sh60,000 kwa gunia. Kama gunia lingekuwa la kilo 100, kilo moja ingekuwa Sh600. Kwa lumbesa, mkulima amelipwa kama Sh469 kwa kilo. Kilo 28 za ziada, kwa bei ya Sh600, ni Sh16,800 zilizopotea kwa kila gunia. Aliyeuza magunia 40 amepoteza Sh672,000. Andikeni hesabu hiyo hatua kwa hatua, msiandike jibu la mwisho tu, ili mbunge aweze kuieleza akikatizwa.

Kuna hesabu ya pili ambayo vikundi vingi huisahau, nayo ndiyo inayofungua masikio ya Serikali. Pale ushuru unapotozwa kwa kuhesabu magunia getini, magunia 100 ya lumbesa ya kilo 128 yamebeba mzigo wa magunia 128. Halmashauri imekosa ushuru wa magunia 28. Waziri anayesikia kwamba mkulima ameumia atasikitika. Akisikia kwamba mkulima na halmashauri wameumia pamoja, ana sababu ya kutoa maagizo.

Jambo likiwa la TASAF au matibabu, msiandike majina ya watu wala namba zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, umaskini wa jirani si wa kusomwa redioni. Andikeni idadi: kaya ngapi zilitambuliwa kwenye mkutano wa kijiji, ngapi zilibaki baada ya uhakiki, ngapi zilizoondolewa zinaongozwa na wazee au wajane, na sababu gani ilitolewa kwa maandishi. Kama hakuna sababu iliyotolewa kwa maandishi, hilo lenyewe ni hoja.

Maliza ngazi za chini kwanza

Jibu linaloua maswali mengi ni hili: "Suala hili liko ndani ya uwezo wa halmashauri, namshauri Mheshimiwa Mbunge alipeleke huko." Dawa yake ni karatasi. Lipelekeni jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unatakiwa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu, na hakikisheni linaingia kwenye muhtasari. Diwani alipeleke kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwenye baraza. Mwandikieni Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri na ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa, na nakala zenu zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Mkihitaji takwimu zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, ombeni kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 na itajeni kwenye barua. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ikijibu, mna takwimu. Isipojibu, mbunge ana barua yenye muhuri wa kupokelewa na siku 30 zilizopita kimya, na Waziri hawezi tena kumrudisha halmashauri.

Chanzo kingine ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwasilishwa bungeni kila Aprili. Ipo ripoti ya Serikali za Mitaa peke yake. Tafuta jina la halmashauri yako ndani yake, uone kilichosemwa kuhusu mikopo, dawa au makusanyo. Hoja iliyoandikwa na mkaguzi ina nguvu kuliko barua kumi za wananchi, na kuisoma ni kazi ya jioni mbili.

Jua mlango wa kugonga

Swali likipelekwa wizara isiyo yake hurudi, au hujibiwa juu juu na mtu asiye na rungu mkononi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zinasimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, kupitia halmashauri, lakini hospitali za rufaa za mikoa na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ziko chini ya Wizara ya Afya. Mgawanyo wa walimu wa msingi na sekondari ni TAMISEMI. Mitaala ni Wizara ya Elimu. Barabara ya kwenda kijijini ni ya TARURA, hivyo ni TAMISEMI, na barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Tunduma ni ya TANROADS, hivyo ni Wizara ya Ujenzi. Maji ya vijijini ni RUWASA, Wizara ya Maji. Mbolea ya ruzuku, na mahindi yanayonunuliwa na NFRA (Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula), ni Kilimo.

Na lumbesa? Wengi hukimbilia Kilimo kwa sababu viazi ni zao. Wakala wa Vipimo uko chini ya Wizara ya Viwanda na Biashara, na huko ndiko swali la msingi linakokwenda. Upande wa magetini na sheria ndogo za halmashauri ni TAMISEMI, kwa hiyo huo ni uwanja wa swali jingine.

Kagua pia kama jambo liko mahakamani. Kanuni za Bunge haziruhusu kuulizia shauri linalosubiri uamuzi wa mahakama. Migogoro ya ardhi ya Usangu, ile inayotokana na Tangazo la Serikali Namba 28 la mwaka 2008, ni mfano wa jambo la kuuliza kwa uangalifu wa namna hiyo. Uhalali wa mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha unaweza kuwa mbele ya jaji wakati huduma za shule na zahanati kwa watoto wanaoishi hapo leo haziko mbele yake. Swali liandikwe kuhusu hizo huduma.

Mbunge yupi?

Mbunge aliye Waziri au Naibu Waziri haulizi maswali; yeye ni sehemu ya Serikali inayoulizwa. Spika naye yuko kitini akiongoza. Mikoa hii inalijua hilo vizuri: Anne Makinda alikuwa Spika kati ya 2010 na 2015 akiwa Mbunge wa Njombe Kusini, na Tulia Ackson alikuwa Spika kati ya Februari 2022 na 2025 akiwa Mbunge wa Mbeya Mjini. Wananchi wa jimbo la namna hiyo hawajakosa sauti. Mbunge wao anaweza kumwona Waziri ofisini, na kwa sakafu ya Bunge wanaweza kumtumia mbunge wa viti maalum wa mkoa au mbunge wa jimbo jirani lenye tatizo lilelile. Kwa viazi, jirani si wa kutafuta kwa tochi. Jambo linalogusa Mbeya Vijijini, Rungwe, Makete na Njombe lina wabunge wengi wa kulisemea, na ni vema wakubaliane nani atauliza la msingi na nani watasimama kwa nyongeza.

Andika swali lenyewe

Swali la msingi ni fupi, mara nyingi sentensi moja au mbili. Lisiwe hotuba, lisibebe kejeli wala tuhuma dhidi ya mtu, lisiulize maoni, lisiulize jambo la kudhania. Likiwa na mambo manne ndani, Waziri atachagua lililo rahisi na kulijibu kwa kirefu.

Hivi ndivyo wengi wangeliandika: "Je, ni lini Serikali itakomesha lumbesa inayowanyonya wakulima wa viazi?" Jibu litakuwa kwamba Serikali inaendelea kutoa elimu na kuchukua hatua.

Liandikwe hivi: "Je, katika mwaka wa fedha uliopita Serikali ilifanya kaguzi ngapi za vipimo katika maeneo ya kupakia viazi mviringo Mkoani Mbeya, na ni wafanyabiashara wangapi walichukuliwa hatua kwa kufunga lumbesa?"

Linaomba namba mbili, kwa mwaka mmoja, katika mkoa mmoja. Namba zikiwa ndogo, zimejieleza. Zikiwa kubwa, swali la nyongeza linauliza kwa nini lumbesa ipo vilevile. Sifuri nayo itaingia kwenye kumbukumbu rasmi.

Pamoja na swali, mpeni mbunge karatasi moja, upande mmoja. Juu kabisa liwekwe swali. Chini yake kifungu cha sheria, jedwali la vipimo vyenu lenye mistari isiyozidi sita, ile hesabu ya Sh16,800, orodha ya barua mlizoandika na tarehe zake, na jina la mtu mmoja wa kumpigia simu kukiwa na utata. Daftari kamili na picha vikae kwa katibu wake. Mbunge anabeba mambo ya kata zote za jimbo. Mkimpa bahasha ya kurasa 40 ataiheshimu na kuiweka kando.

Barua ianze "Mheshimiwa Mbunge" na iende moja kwa moja kwenye jambo. Msichanganye na siasa za chama, za kura za maoni au za nani alimpinga nani. Jambo la haki likipakwa rangi ya ugomvi, Waziri anapata pa kukimbilia.

Kalenda

Bunge hukutana kwa kawaida mara nne kwa mwaka: mwishoni mwa Januari hadi Februari, Aprili hadi mwisho wa Juni kwa ajili ya bajeti, Agosti au Septemba, kisha Novemba. Maswali hupelekwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge wiki kadhaa kabla, yachujwe na kupelekwa wizarani kuandaliwa majibu. Kwa hiyo swali mnalotaka lisikike Aprili liwe limefika kwa katibu wa mbunge ofisi ya jimboni si baada ya mwanzo wa Februari. Mkilipeleka wiki ambayo mkutano unaanza, mmejichelewesha wenyewe.

Vipimo vya viazi vinapatikana wakati wa mavuno, na hapa ndipo vikundi hukosea: wanakumbuka kupima mwezi ambao hakuna gari hata moja la mzigo. Pimeni msimu ukiwa umechanganya, hifadhini daftari, pelekeni mkutano unaofuata.

Wabunge ni karibu 400 na siku moja hubeba maswali machache sana ukilinganisha na hamu yao. Swali lenu linaweza kusubiri hadi mkutano mwingine, au kupangiwa jibu la maandishi. Msilidharau jibu la maandishi. Mara nyingi lina takwimu nyingi kuliko la mdomo, kwa sababu halina haraka.

Nyongeza ndipo jambo linapokaza

Jibu la msingi limeandikwa na maofisa wenye muda. Swali la nyongeza linamkuta Waziri amesimama mwenyewe. Mbunge anayo mawili, kwa hiyo muandalieni manne au matano, kila moja kwa jibu linaloweza kuja.

Akisema kazi itafanyika fedha zikipatikana, nyongeza iulize fedha hizo ziko kwenye bajeti ipi. Fundisheni kikundi chote tofauti ya maneno haya, maana majibu mengi yanateleza kati yake: fedha *kutengwa* ni kuandikwa kwenye makadirio, *kuidhinishwa* ni kupitishwa na Bunge, *kutolewa* ni kufika kwenye akaunti ya mradi, na *kutumika* ni kulipwa kwa kazi iliyofanyika. Waziri akisema "tumetenga milioni 500", nyongeza ni fupi: "Hadi leo zimetolewa kiasi gani?"

Akisema upembuzi yakinifu unaendelea, aulizwe mkataba wa mshauri ulisainiwa mwezi gani na unaisha mwezi gani. Akisema elimu inatolewa, aulizwe imetolewa katika vijiji vingapi vya wilaya hiyo, na kama wanunuzi na madalali nao wamo kwenye elimu hiyo au ni wakulima peke yao.

Lipo na jibu la upole ambalo hupokewa kwa makofi: "Niko tayari kuambatana na Mheshimiwa Mbunge baada ya kikao hiki kwenda jimboni." Jibu hilo ni zuri likiwa na tarehe. Mbunge ashukuru na ataje siku palepale, akiomba ziara iwe siku ya kupakia mzigo, mizani iwepo. Ziara ya siku isiyo na gari la viazi itaishia kwenye ngoma na hotuba.

Kwa lumbesa, nyongeza mbili ambazo ni vigumu kuziepuka ni hizi. Ya kwanza: "Kwa kuwa magunia 12 yaliyopimwa na wananchi kwa mizani iliyohakikiwa yalikuwa na wastani wa kilo 128, je, Waziri yuko tayari kuagiza ukaguzi msimu huu na kuleta matokeo yake?" Ya pili: "Kwa kuwa halmashauri nazo zinapoteza ushuru, je, Serikali haioni sababu ya kuweka mizani kwenye maeneo ya kupakia, badala ya kutegemea magetini?"

Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ya nusu saa. Hayo ni ya sera. Usimpelekee Waziri Mkuu habari ya kituo kimoja cha kupakia. Mpelekee swali la kwa nini vipimo vinasimamiwa mjini kuliko shambani nchi nzima.

Ushahidi unamlinda mbunge wenu

Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, lakini kanuni zinamtaka mbunge asiseme uongo. Akitoa kauli ikapingwa, Spika anaweza kumtaka aithibitishe au aifute. Mbunge aliyetegemea maneno ya simu atafuta kauli, na jambo lenu litazikwa naye. Ndiyo maana daftari halisi lenye sahihi liwe mahali linapoweza kufika Dodoma kwa siku moja.

Na likishakabidhiwa kwa Spika, lisiende kwingine. Juni 2024 Mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, alisimamishwa vikao 15 katika sakata la vibali vya sukari, baada ya kuwaeleza waandishi wa habari ushahidi aliokuwa ameuwasilisha kwa Spika. Kikundi chenu kisirushe mitandaoni kurasa zilizo mezani kwa Spika. Mtamwumiza mtu anayewasemea.

Swali likishindikana: shilingi ya Waziri

Kwenye Bunge la bajeti kuna nafasi kubwa kuliko swali. Makadirio ya wizara yanapopitishwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Matumizi, mbunge anaweza kusimama kwenye mshahara wa Waziri, akataka ufafanuzi wa jambo moja la kisera, na asiporidhika akatoa hoja ya kuondoa shilingi. Ndiyo kushika shilingi. Shilingi yenyewe haina maana, lakini hoja hiyo inafungua mjadala, wabunge wengine wanachangia, na Waziri mara nyingi hutoa ahadi ya wazi ili arudishiwe.

Jambo la kushika nalo shilingi liwe moja na liwe la sera. Jina la mbunge liwe limefika mapema kwa wanaopanga wachangiaji, kwa sababu muda ukiisha vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo, wanaita gilotini, na hapo hakuna anayesimama tena. Muulizeni katibu wake siku ya wizara husika, kisha mpelekeni karatasi mpya wiki moja kabla, yenye takwimu za msimu huu.

Mambo makubwa ya fedha za umma huhitaji kamati. Kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na Harrison Mwakyembe, wakati huo Mbunge wa Kyela, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Lumbesa haiwezi kufika huko. Fedha za mikopo zilizotoweka zinaweza, kupitia Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambayo inawaita wakurugenzi na vitabu vyao.

Baada ya jibu

Siku swali linapojibiwa, mtu mmoja arekodi matangazo. Baadaye pakueni Taarifa Rasmi ya kikao hicho kwenye tovuti ya Bunge; majadiliano na majibu huwekwa humo. Nakilini maneno ya Waziri neno kwa neno, tarehe na namba ya swali. Gazeti hufupisha, na ufupisho hauwezi kumshika mtu.

Ndani ya wiki mbili mwandikieni Mkurugenzi na ofisi ya Vipimo ya mkoa barua inayonukuu jibu hilo na kuuliza kitu kimoja: maagizo ya Waziri yamewafikia kwa barua ya tarehe gani? Ahadi nyingi hufia katikati ya Dodoma na mkoa kwa sababu hakuna aliyeziandika kuwa maagizo. Diwani aombe jibu la barua hiyo liwe ajenda ya baraza.

Kisha pimeni tena, mizani ileile, msimu unaofuata, kwa utaratibu uleule wa kila gunia la tatu. Wekeni wastani wa kwanza na wa pili kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, pamoja na maneno ya Waziri na tarehe yake. Wastani ukiwa umeshuka kutoka 128 hadi 110, mbunge anayo ya kushukuru na ya kudai. Ukiwa palepale, swali la msingi la mkutano ujao limeshapatikana: Waziri alisema hivi tarehe fulani, je, maagizo yake yalitekelezwa na nani?